Ya Chai Hapewi Binti wa Mwenye Saluni

Katika saluni ya mama yangu mjini Nyeri, mteja alilipa mara mbili. Mara ya kwanza alimlipa mama pale mezani, waziwazi, bei ambayo kila mtu aliijua. Mara ya pili alirudi hadi kwenye kiti alichokuwa amekalia, akasimama karibu na msusi wake kana kwamba amesahau kitu, kisha akatia sarafu katika mfuko wa koti lake la kazi. Hiyo ya pili ndiyo tuliyoiita ya chai. Haikuwekwa mkononi kamwe. Msusi naye hakuitazama ikiingia; aliangalia kioo, au alipuliza nywele zilizokwama kwenye kitana, akasema, "Haya mama, usalimie watu wa nyumbani," kama mtu asiyejua lolote.

Mama mwenyewe hakupewa ya chai, hata siku alizosimama nyuma ya kiti kutwa nzima. Mwenye duka ameshalipwa, walisema. Kumwongezea ilikuwa kama kumwambia kwamba bei yake haimtoshi, au kwamba ameonekana ana shida. Akina mama wa kijijini Gakindu, waliokuja kwa wingi baada ya malipo ya kahawa, walikuwa na njia yao ya kulizunguka jambo hilo. Waliacha kichane cha ndizi karibu na mlango na kusema ni za mtoto.

Mtoto nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nangoja matokeo. Ilikuwa ile miaka ya sabini ambapo wasichana wenzangu walianza kuziacha nywele zao zisimame duara kubwa kichwani, na mama zao bado walitaka zao zilale. Mimi niliziweza zote mbili. Nilijua kukijaribu kitana cha moto kwa kipande cha gazeti, nikangoja hadi kisiache alama ya hudhurungi kwenye karatasi, ndipo nikiguse kichwa cha mtu. Nilijua kulikunja sikio la mteja kwa kidole gumba ili moto usilifikie. Niliwatoa watu wakiwa wanajigeuza mbele ya kioo, wakijitazama ubavuni kama wanaojiona kwa mara ya kwanza.

Na hawakunipa kitu.

"Wewe ni wa hapa hapa," waliniambia, wakinipigapiga begani, halafu wakaenda mezani kulipa, halafu mlangoni. Mfuko wa koti langu ulibaki mtupu kama siku uliposhonwa. Kunipa mimi kulikuwa kumpa mama, na kumpa mama kulikuwa utovu wa adabu.

Msusi wetu wa kuajiriwa alitoka upande wa Meru na alinizidi miaka mitano. Nilimwita dada. Alikuwa na vidole virefu visivyo na haraka, na alipogawanya nywele, mstari ulinyooka kuanzia paji la uso hadi kisogoni bila yeye kuurudia. Ikifika saa tisa alasiri, koti lake lilikuwa limelalia upande mmoja kwa uzito wa mfuko. Kila sarafu ilipoangukia nyingine niliisikia. Nilizisikiliza jinsi mkulima wa Kieni, kwenye ukame, anavyosikiliza mvua inayonyesha juu kule, kwenye mashamba ya watu wanaoishi karibu na mlima.

Aliniona, bila shaka. Wivu haufichiki kwa mtu unayeshiriki naye kioo kimoja.

"Kuja nikugawie nusu," aliniambia siku moja tukifagia.

"Sitaki zako."

"Wee! Sasa umekasirika nini? Wewe uko na duka mzima, mimi niko na mfuko. Tubadilishane?"

"Tubadilishane," nikasema, na nilimaanisha.

Alicheka hadi akaegemea ufagio. "Ati tubadilishane! Mama akusikie." Kisha akaendelea kufagia nywele, za wateja wake na za wangu, akizichanganya katika rundo moja jeusi.

Jumamosi moja alikuja mwalimu mgeni. Alikuwa amehamishwa kutoka upande wa magharibi kuja kufundisha shule ya msingi hapo mjini, na hakumjua mtu. Mama alimpokea, akamkalisha kwangu, kisha akatoka kwenda kununua makaa. Nywele za mwalimu zilikuwa fupi, nzito, zenye kukataa kitana, na nilizihudumia kwa saa mbili bila kumchoma hata mara moja. Alikuwa mtu wa maneno mazuri. Karibu na mwisho akaniangalia kwenye kioo.

"Unafanana na yule mama aliyenipokea. Ni mama yako?"

Sikupanga. Ningeapa mbele ya yeyote kwamba sikupanga. Ila kwa saa mbili nilikuwa nimekisikia kiti cha pili, cha dada, kikipokea wateja wawili na sarafu mbili.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Mimi nimeandikwa kazi tu."

"Oh. Na kwenu ni wapi?"

"Chaka. Mama yangu analima viazi huko."

Kwenye kiti cha pili, mkono wa dada ulisimama ukiwa umeshika uzi mweusi hewani. Mwalimu alisema pole, kana kwamba viazi ni ugonjwa. Alipomaliza kujitazama alimwachia dada pesa ampelekee mama, kisha akanijia. Nilitazama kioo. Niliisikia shilingi ikiingia, ikishuka hadi kwenye pindo la chini la mfuko, na pale ikatulia juu ya paja langu, baridi kidogo, nzito kuliko shilingi yoyote niliyowahi kutumwa nayo dukani.

Dada alingoja wateja wote waondoke.

"Chaka gani hiyo?" akauliza.

"Niache."

"Mimi mama yangu analima maharagwe kweli kweli. Miguu yake imepasuka. Na sijawahi kumkataa mbele ya mtu." Hakucheka safari hii. "Sitamwambia. Lakini usinitie kwa hiyo mambo yako."

Wiki mbili baadaye mwalimu alirudi. Mama alikuwa mezani. Kabla ya kuketi, mwalimu alitoa kikapuni furushi lililofungwa kwa gazeti, akaliweka mbele ya mama kwa mikono miwili.

"Mama, naomba usikasirike. Si kwamba nakufundisha kazi yako. Huyu msichana wako ana mikono ya ajabu, na nimemfikiria sana. Hapa kuna sukari na leso, ni za mzazi wake kule Chaka. Kama unaweza, mpe ruhusa siku moja aende akamwone."

Nilikuwa nimeshika kitana. Kilikuwa kimetoka motoni wakati huo huo, nami nilikishikilia hewani hadi kikapoa.

Mama alilitazama furushi. Hakunitazama mimi. Nilingoja apasuke, na ningefurahi kama angepasuka, kwa kuwa hasira ya mama yangu ilikuwa kitu nilichokijua kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mzazi wake wa Chaka," akasema polepole. "Kumbe. Nitampa ruhusa, mwalimu. Sikujua kwamba anamkosa mama hivyo."

Akaliinua furushi na kuliweka rafuni, kati ya mikebe ya mafuta ya nywele, mahali ambapo kila aliyeketi kwenye kiti changu angeliona nyuma ya kichwa chake katika kioo.

Hakuniambia neno kuhusu jambo lile. Mama alizoea kuniita maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ni binti yake wa pili na nilipewa jina la mama yake mzazi. Wiki hiyo aliniita kwa jina langu la shule, lile la ubatizo, kama mwalimu anayesoma orodha asubuhi. Alilitamka vizuri sana. Nyumbani alinipakulia chakula cha kutosha na kuniuliza kama nimeshiba.

Kisha ikaja Jumamosi. Mteja wa mwisho alipoondoka, mama alivua kitambaa chake. Kichwa cha mama kilikuwa changu. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na mbili hakuna mtu mwingine aliyekigusa. Nilijua kovu lake dogo juu ya sikio la kushoto, na mahali ambapo mvi zilianza, na kwamba hapendi kuvutwa karibu na shingo. Nilichukua kitana na kukivuta kiti changu.

Mama alinipita. Akaketi kwenye kiti cha pili.

"Nitengeneze, msichana wangu," akamwambia dada.

Dada aliniangalia, akamwangalia mama, akaanza. Nilisimama pale na taulo mkononi. Wivu wa sarafu ulikuwa wivu wa kitoto. Huu sasa ulikuwa na meno. Niliviona vile vidole virefu vikiingia mahali pangu, vikilizunguka lile kovu bila kuambiwa, na nikatamani kwa moyo wote vikosee. Nilitamani amchome. Hakumchoma. Mstari ulinyooka kuanzia paji hadi kisogoni. Na mama yangu, ambaye mikononi mwangu huwa anazungumza bila kupumzika, akinielekeza, akinigombeza, alifumba macho na kulala usingizi.

Alipoamka alijitazama kiooni, akainuka, akamkaribia dada kama aliyesahau kitu. Nilisikia sarafu.

"Mama, hapana," dada akasema. "Wewe ndio mwenye duka."

"Kwa kiti hiki nilikuwa mteja," mama akajibu, na akaanza kufunga madirisha.

Usingizi ulinipa kisogo usiku ule na uliofuata. Mwalimu aliporudi tena, saluni ilikuwa imejaa. Nililishusha furushi kutoka rafuni kabla hajaketi, nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, sina mzazi Chaka. Mama yangu ni huyu hapa."

Mama alikuwa ameinama juu ya droo ya meza, na mgongo wake haukusogea.

"Huyu?" mwalimu akasema. "Si ulinikatalia?"

"Nilikukatalia."

"Kwa nini sasa?"

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa nimeyaandaa, mengine mazuri. "Nilitaka unipe ya chai," nikasema.

Mama mmoja aliyekuwa amejifunika taulo kichwani alicheka ndani ya taulo lake, mabega yakitikisika. "Jamani! Shilingi moja tu, akamwuza mamake!" Mwingine akamnyamazisha. Mwalimu alinitazama, uso wake ukiwa umejaa aibu ambayo ilikuwa yangu lakini nilikuwa nimempa aibebe.

"Ningejua ni mamako nisingekupa," akasema. "Si ingekuwa nimemtukana?" Akageuka, akaliweka furushi mezani. "Mama, nisamehe. Nilikusema vibaya katika duka lako. Hii ni yako sasa, na usiniambie mwenye duka hapokei."

Mama alilichukua. Alilitia chini ya meza, karibu na miguu yake.

Mwalimu akaketi kwangu. "Haya, nitengeneze. Na leo hupati kitu."

Nilimtengeneza vizuri kuliko siku ile ya kwanza. Alijigeuza mbele ya kioo, akatabasamu licha ya kujizuia, akaenda kulipa. Kisha akarudi, akanipita, akamtilia dada sarafu mfukoni, dada ambaye alikuwa amemwosha nywele tu. Iliniuma. Sitadanganya tena kuhusu jambo hili: iliniuma vilevile kama zamani, na nilihesabu mlio wake.

Kwenye benchi alikuwa amebaki mwanamke mmoja, hajui aende kiti kipi. Alimwuliza mama.

"Nenda kwa binti yangu," mama akasema, akielekeza kwa kidevu bila kuinua uso kutoka kwenye droo. "Huyo hapo."

Yule mwanamke akaja, akaketi. Nilimfunga taulo shingoni, nikijua kabisa kwamba hatanipa kitu.