Gauni la Maua la Meja

Mama yetu ni meja na daktari wa jeshi, na mwaka huu alipewa utafiti wa magoti ya askari. Magoti yenyewe mengine yamevimba kama maboga. Lakini kila akiuliza, "Linauma?" askari anakakamaa, kifua mbele: "Haliumi, afande!"

Mama akarudi nyumbani amefura. "Utafiti gani huu? Kikosi kizima hakina mgonjwa, na nusu yao wanachechemea!"

Baba, koplo mstaafu, akacheka mpaka akapaliwa na chai. "Mke wangu, nani atamlilia meja shida zake? Vua hayo magwanda uone."

Kesho yake mama akaenda kazini na gauni lake la maua, la kuendea harusini, na viatu vya wazi. Loo! Askari wa kwanza akamtazama, akashusha pumzi. "Dada yangu, we acha tu. Hili goti linaniua." Basi wakafunguka kama bomba lililopasuka. Sajini mmoja mwenye sharubu alitoa machozi, akaomba na mgongo wake nao uandikwe.

Jioni mama aliingia akiimba, gauni bado mwilini. Akamkuta baba anajiinua kitini kwa kushika meza, uso umemkunjamana.

"Na lako, mume wangu, linauma?"

Baba akasimama wima kama mlingoti. "Haliumi, afande!"

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Huyo ameishi na meja miaka yote hii. Gauni la maua litamdanganya nini?