Mkwe Wangu Jenista na Kisima cha Watu wa Migodini

Mkwe wangu Jenista akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajaketi ameshauliza maswali matatu. Huu mparachichi alipanda nani? Kwa nini mlango unatazama mlimani? Huyu wa kwenye picha ni nani, na mbona koti limemzidi? Mwanzoni nilidhani ni kukosa adabu. Nilimwambia mwanangu Lwitiko, "Umetuletea polisi." Lwitiko akacheka. "Mzoee tu, mama. Mimi mwenyewe alinihoji mwezi mzima ndipo akapokea posa."

Nikamzoea. Sasa nataka niandike habari zake, maana mimi ninayaona mambo na siyasahau. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule lilikuwa darasa.

Jenista si wa milimani kwetu Ileje. Ni mtu wa bondeni, upande wa Ivuna. Baba yake ni Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake, naye Jenista akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi huwa nafikiri kwamba mtu aliyekulia mbali na makaburi ya babu zake huuliza sana habari za makaburi ya wengine. Yeye hajasema hivyo. Nimesema mimi.

Huko Tunduma anakoishi na Lwitiko, Jenista ana duka la vipuri vya baiskeli: tairi, spoku, minyororo, breki. Vijana walikuwa wakikutana dukani kwake kila Jumamosi, wanaendesha mpaka Mpemba na kurudi, eti mazoezi. Mimi nikisikia mtu anapanda mlima kwa baiskeli na hana gunia la mahindi nyuma, namwombea. Lakini Jenista alianza kuwauliza, "Hapa tunapopita kila wiki palikuwa na nini?" Hakuna aliyejua. Basi akaanzisha utaratibu wake: mara moja kwa mwezi wanaendesha kwenda mahali penye historia. Waliwahi kwenda kwenye reli, kwa mzee mmoja aliyepanga mataruma. Waliwahi kwenda Ruanda, kijiji cha hukuhuku, si ile nchi, kuona nyumba ya zamani ya kukobolea kahawa. Wakashuka mpaka Ivuna, mama yake akawaonyesha jinsi ya kuchemsha chumvi, na vijana wa mjini wakaunguza vidole.

Ana sharti moja, na hilo nalipenda. Husema, "Mahali ambapo hakuna mtu hai aliyepaona kwa macho yake, hatupeleki baiskeli. Sitaki hadithi za kuambiwa na aliyeambiwa."

Kwa ajili ya sharti hilo alinisumbua miaka miwili.

Zamani, kabla ya uhuru, wanaume wa kwetu walikwenda kwa miguu mpaka migodi ya shaba ya Kitwe na Mufulira, Zambia ya leo. Mtu akikaa miaka mitatu, minne, anarudi na baiskeli nyeusi ya Kiingereza. Hakuingia kijijini na vumbi la safari, la. Walikuwa na kisima chao mahali fulani mlimani. Walioga, wakavaa suti, wakapaka mnyororo mafuta, ndipo wakateremka wamepanda, kengele inalia njia nzima. Mume wangu Yesaya aliingia hivyo. Nilikuwa msichana, nimesimama na ndoo kichwani, nikamwona anakuja ameketi wima kama bwana shauri wa serikali ya Kiingereza. Ndoo ikanimwagikia. Mwaka uliofuata nilikuwa mke wake.

Kisima chenyewe kiko wapi? Wanawake hatukuambiwa. Wanaume waliokijua tumewazika mmoja mmoja. Amebaki Yesaya, ana miaka themanini na saba.

Na hapo ndipo penye shida. Kwetu Wandali, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si uadui, ni heshima. Mke akimwona njiani anaingia kwenye mahindi mpaka mzee apite. Hamwiti jina, hamsemeshi, hali naye chakula. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, lakini Yesaya ni mtu wa jana, na Jenista siku ya harusi aliulizwa kama ataweza akasema ataweza. Miaka kumi na moja ameshika mwiko huu kuliko hata mabinti zetu wa kuzaa huko walikoolewa. Sasa mfikirie mtu wa maswali, na mwenye majibu ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumuuliza!

Kwa hiyo aliuliza kupitia kwangu. Yeye jikoni, mzee barazani, mimi mlangoni.

"Mama, muulize kisima kilikuwa upande wa jua kuchomoza au kuzama?"

"Baba Lwitiko, anauliza ni mashariki au magharibi?"

"Mwambie kimekauka."

"Anasema kimekauka."

"Mama, muulize kilikauka mwaka gani?"

Hapo Yesaya alinyanyuka na kwenda kuangalia mbuzi. Nilimfuata. "Kisima hakijakauka," nikamwambia. "Unayekauka ni wewe. Ukifa nacho, kitakusaidia nini huko?" Akaendelea kuhesabu mbuzi. Nilishangaa sana, kwa sababu mume wangu si mtu wa kuficha jambo. Hata mimi nikaanza kuwashwa na kisima hicho.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, alitoka hospitali kupimwa macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona kama kwenye ukungu. Siku ya tatu akasema, "Mwambie mke wa Lwitiko, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Mara moja tu. Miguu imeshanipa taarifa."

Tukapanga hivi. Mimi na Yesaya tutatangulia kwa mguu. Kila njia ikigawanyika, ataifunga ile isiyokwenda, ili Jenista na watu wake waifuate iliyo wazi. Wakikaribia, mzee atajitenga nyuma ya mwamba, atasema, mimi nitabeba maneno kuyapeleka kwao. Jenista alikubali; njia itafungwa kwa kitu gani sikumwambia, nilidhani kila mtu anajua. Lakini aliniambia kwa simu, sauti imemshuka, "Mama, tukipotezana naye siku hiyo, basi. Hakuna mwingine wa kumuuliza."

Siku yenyewe wao walitoka Tunduma alfajiri, wakashika lami ya kuja Isongole. Sisi tuliondoka nyumbani umande ungalipo. Yesaya alisukuma baiskeli yake ileile nyeusi. Siku hizi haipandi, anaiegemea. Tulipofika njia panda alivunja tawi la mtikitiki, akalilaza kuzuia njia ya kushoto inayoteremka mtoni, nasi tukapanda kulia. Nusu saa tu, tukafika. Miaka sitini na kitu nimeolewa, na kisima kiko nusu saa kutoka ninapookotea kuni! Maji yanatoka chini ya mwamba, na mbele yake pana uwanja wa majani mafupi, tambarare, umezungukwa na vichaka. Milimani kwetu mahali tambarare namna ile hupati hata pa kuanikia maharage.

"Ndipo hapa?" nikauliza.

"Ndipo."

Tukangoja. Kwenye saa tano tukasikia kengele, nyingi, zinapanda. Kisha zikasimama kule njia panda. Kisha zikaanza tena, lakini zinakwenda kwa kasi, na zinateremka.

Yesaya akatega sikio. "Wanakwenda wapi hawa?"

"Wanakwenda Malawi," nikasema, maana ng'ambo ya mto ni Malawi.

"Lakini nimefunga njia! Hawana macho?"

Sauti ikafifia mpaka tukabaki na ndege. Nilitaka kuwakimbilia, lakini goti langu si la kukimbia, na mlima ule simu hazishiki. Yesaya alikaa juu ya jiwe. Nilimwona anachoka pale pale, uso unakuwa wa kijivu. "Turudi nyumbani," akasema. "Nimejaribu. Mungu ameona."

"Piga kengele," nikamwambia.

"Watasikia wapi?"

"Piga. Kengele ile nilivyoisikia mimi, hata aliye Malawi atasikia."

Akapiga. Alipiga mpaka kidole gumba kikachoka akabadilisha mkono. Nusu saa nzima. Mwisho vichaka vikatikisika, nikamwona Jenista anatoka peke yake, bila baiskeli, kofia ya plastiki kichwani, miguu imechanwa na miiba, machozi na jasho ni kitu kimoja.

"Mama! Yuko wapi? Ameumia?"

Alikuwa ametokea mbele kabisa ya Yesaya, kama kutoka hapa mpaka kwenye figa. Wakatazamana. Jenista akapiga kelele ndogo, akageuka, akapiga magoti ametupa mgongo. Yesaya naye akageukia mwamba. Nikabaki mimi katikati.

"Nani ameumia?" nikamuuliza.

"Tulikuta tawi barabarani, mama. Emanueli akasema kuna chombo kibovu mbele."

Emanueli ni kijana wa kundi lao, zamani alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Na kweli, huko Tunduma lori likiharibika wanalaza matawi nyuma yake, kuonya wanaokuja kwamba mbele pana tatizo. Watu wa malori wakiona tawi hawageuki, wanaendelea kwa tahadhari wakamsaidie mwenzao. Hawa wote ni watu wa Tunduma. Walipoona tawi walidhani mzee ameanguka na baiskeli yake huko bondeni, wakateremka mbio kumwokoa. Wamefika mpaka mtoni wanaita. Jenista ndiye alisikia kengele juu, akaacha baiskeli, akapanda kwa kufuata sauti.

Yesaya alisikia yote. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Mwambie," akasema, "kwetu tawi ni mlango uliofungwa."

Nikamwambia. Jenista naye akaanza kucheka huku anajifuta uso, bado ametugeuzia mgongo. Halafu, kama kawaida yake, akaangalia. Aliutazama ule uwanja, majani, vichaka, mteremko mdogo upande mmoja. Yeye dukani kwake huwafundisha akina mama wa sokoni kupanda baiskeli, macho yake yanajua anachotafuta.

"Mama," akasema polepole, "muulize. Kuoga na kuvaa suti ni kazi ya saa moja. Mbona uwanja huu ni mkubwa hivi? Walikuwa wanafanya nini hapa?"

Nikamgeukia mume wangu. "Anauliza..."

"Nimesikia."

Akapapasa usukani wa baiskeli yake. Kisha akasema, "Mwambie kule mgodini tulikuwa chini ya ardhi mchana, na usiku tumelala. Baiskeli nilinunua siku niliyoondoka Kitwe. Niliisukuma mpaka hapa. Wote tulizisukuma. Hakuna aliyejua kupanda. Tulikaa hapa siku nne, tano, tunajifunza, ndipo tunaingia kijijini."

Nilihisi masikio yananiwaka. Yaani yule kijana wa kuketi wima! Yule aliyenimwagisha ndoo! Miaka yote hii nimewasimulia watoto, wajukuu, hata mchungaji, kwamba baba yenu alikuja amepanda kutoka Kitwe.

"Mama?" Jenista akaita. "Amesemaje?" Alikuwa amesikia kila neno, lakini kwa heshima alingoja nimletee.

"Sisemi," nikasema.

"Mama Lwitiko," Yesaya akanibembeleza, "mwambie mtoto wa watu."

"Sisemi! Umenidanganya tangu sijatoboa masikio, leo nikubebee mzigo wako? Mwambie mwenyewe." Nikaondoka pale katikati yao, nikaenda kukaa kando ya maji na kuwapa mgongo wote wawili.

Nilisikia maji tu. Nikajua nimefanya jambo baya, nimevunja daraja na watu wako juu yake. Nikawaza nirudi. Lakini sikurudi, nilikuwa na hasira.

Kisha nikasikia daftari linafunguliwa. Na sauti ya Jenista, ndogo, inatetemeka, bila kugeuka:

"Baba. Samahani. Ulianguka mara ngapi?"

Miaka kumi na moja hajawahi kumsemesha.

"Siku ya kwanza," Yesaya akauambia mwamba, "sikuweza kuhesabu. Ya pili niliingia kwenye maji na suti."

"Nani alikuwa anakushika?"

"Amoni wa kwa Sadock. Alikuwa anashika tandiko kwa nyuma, anakimbia nami. Ananidanganya bado ameshika, kumbe ameachia zamani."

"Hata sisi tunafanya hivyo hivyo, baba! Hivyo hivyo! Na Amoni yeye alifundishwa na nani?"

"Ngoja, usinikimbize. Amoni habari yake ni ndefu. Andika kwanza hii ya maji."

Chini mlimani kengele zilikuwa zinarudi, na Emanueli anamwita Jenista kwa jina la mtoto wake, "Mama Gloria! Mama Gloria, uko wapi?" Ilikuwa kazi yangu kwenda kuwaleta, wapumzike, wanywe maji, wasikie. Nikanyanyuka, nikapiga hatua mbili. Nyuma yangu Jenista akauliza kama kuna wasichana waliowahi kuchungulia kichakani. Yesaya akakohoa kabla ya kujibu.

Nikapaza sauti kwa wale vijana kwamba wafuate sauti yangu, wapande tu. Mimi nikarudi nikakaa, safari hii nimewaelekea, maana jibu lile na mimi nilikuwa nalitaka.