Ubao wa Baba na Maneno ya Kale

Kibarazani kwetu Temeke kuna ubao wa kufundishia, umepakwa rangi nyeusi moja kwa moja ukutani, na mbele yake kuna benchi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na jioni alitufundisha wanawe hapo. Alipostaafu alifungua tuisheni hapo hapo, watoto wa mtaa wakajaa mpaka wengine wakawa wanakalia ndoo. Kisha zikaja shule zinazoanza na Kiingereza tangu chekechea, na presha ya macho ikamwondolea baba macho yote mawili. Wanafunzi wakapungua, wakaisha. Darasa halikuisha. Kila asubuhi baada ya chai baba alipapasa ukuta mpaka kwenye kiti chake, nami nikaketi kwenye benchi, mwanafunzi pekee, mwanamke mzima mwenye mvi.

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazee. Hakuna aliyeitisha kikao akaamua hivyo. Wakubwa walioa, wakaolewa, wakahamia mikoani, na baada ya kumzika mama walirudi makwao mmoja mmoja huku kila mmoja akinipigapiga begani. Nikilalamika kwenye simu, kaka yangu wa Mwanza hunijibu, "Sasa sista, mzee si amekuzoea wewe?" Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Somo alilolipenda baba ni maneno ya kueleza mambo ya kale. Alisema Kiswahili kina uvivu hapo: bei ya mchele ya mwaka juzi ni zamani, Wajerumani ni zamani, na Nabii Nuhu naye ni zamani. Mimi sikukubali, maana tuna enzi, tuna kale, tuna jadi, lakini baba habishiwi darasani. Kiingereza chake kilikuwa na ngazi za kushukia. "Bygone days" ni yale ambayo baba yako anayakumbuka mwenyewe. "Days of yore" ni yale ambayo babu alisimuliwa. "Antiquity" ni yale yasiyo na wa kuyasimulia, ila yameacha magofu. Chini kabisa kuna "time immemorial", huko hata magofu hakuna, anajua Mungu. Niliyaandika ubaoni kwa mpangilio huo, nikayafuta, na kesho yake nikayaandika tena.

Neno lililopigwa marufuku nyumbani kwetu ni "long ago", zamani ile ile ya Kiswahili.

"Hicho Kiingereza cha sokoni," baba alisema. "Mtu aliyesoma hasemi hivyo."

Ukiteleza ukalisema, ulisimama ubaoni ukaandika sentensi upya mpaka aridhike, na mtu asiyeona haridhiki haraka, kwa sababu husikiliza mkwaruzo wa chaki.

Nilimpenda baba, na kuna asubuhi nilimchukia. Benchi lile nimelikalia tangu miguu yangu haifiki chini. Nikiwa pale niliwaona majirani wakifunga mageti na kwenda kazini, wengine niliosoma nao, nao wakanipungia mkono kwa huruma. Ile huruma ilinichoma kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo hoteli moja ya Mbezi Beach ilipotafuta mtu wa mapokezi, niliomba bila kumwambia mtu isipokuwa shangazi, dada yake baba. Shangazi alikubali kuhamia kwetu amwangalie kaka yake. Nilipoitwa kwenye usaili ikabidi nimwambie baba. Hakukataa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ubaoni ataandika nani? Shangazi yako Kiingereza hajui hata cha kuombea maji."

Nikavaa viatu, nikaenda.

Meneja alikuwa dada mdogo kuliko mimi, amesuka vizuri, pembeni yake kaka mmoja mwenye kompyuta. Wakaniambia nieleze kwa Kiingereza kazi nilizowahi kufanya. Nikanyoosha mgongo kama nilivyofundishwa. Nikawaeleza kwamba nimeishi Temeke tangu "time immemorial". Nikaendelea kwamba katika "days of yore" nilimsaidia baba yangu kufundisha watoto wa mtaa.

Yule kaka akakohoa, kisha akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Meneja alijikaza.

"Dada, unamaanisha zamani? Sema tu long ago."

Nilifungua mdomo. Ulimi ukagoma. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nilikunjwa nikakaukia hivyo hivyo. Nilikaa mbele yao nikitafuta neno ambalo kila mtoto wa Tandale anayebeba mizigo ya wageni analijua, na halikutoka. Machozi yalinilengalenga kwa hasira.

"Kiingereza unacho, tena kingi," meneja alisema kwa upole. "Ila wageni wetu wanafika wamechoka na safari. Njoo tena Jumatatu, uongee nao Kiingereza chepesi, kama Kiswahili unachoongea na jirani. Nikisikia hivyo, kazi utapata."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado kali. Baba alikuwa kibarazani, shangazi anamenya vitunguu jikoni.

"Umetumia maneno gani?" baba aliuliza, hata kabla sijavua viatu.

"Yote uliyonifundisha. Wakacheka."

"Wamecheka nini?"

"Wamekucheka wewe, baba. Kwa mdomo wangu."

Shangazi aliacha kisu.  Baba alichukua bakora yake akaingia ndani, na siku iliyofuata hapakuwa na darasa. Nilidhani nitafurahi. Nilifagia kibaraza mara mbili bila sababu, nikampelekea chai, akaipokea, akaniitikia shikamoo yangu, basi. Jioni nilimsikia shangazi akimweleza habari za "long ago" na za Jumatatu, kama nilivyomsimulia jikoni.

Jumapili asubuhi nilimsikia akipapasa ukuta. Akakaa kwenye kiti chake akaniita.

"Njoo darasani."

Nikaketi kwenye benchi.

"Futa ubao. Wote."

Nikafuta ngazi zote, mpaka ile ya chini kabisa.

"Andika: long ago."

Nilimtazama. Uso wake ulielekea barabarani, kama siku zote, kwenye mlio wa bodaboda. Niliandika, na kwa mara ya kwanza hakunisahihisha herufi hata moja.

"Sasa nipe sentensi. Kwa mdomo, haraka, usifikiri."

Sikufikiri. Nikasema, "Long ago my father was a teacher."

Nilipoisikia nilitamani kuirudisha. Alikuwa hapo mbele yangu, kwenye kiti chake cha ualimu, na mimi nimeshampeleka huko chini kwa watu wa kale.  Baba aliweka mikono juu ya bakora.

"Sahihi," akasema. "Kesho waambie hivyo hivyo."

"Baba, sikumaanisha..."

"Nimesema sahihi. Iandike."

Nikaiandika. Niliikwaruza polepole, na najua alisikia kila herufi.

"Ukiondoka," akasema, "chaki niwekee mahali ninapoweza kuifikia."

Niliiweka kwenye ukingo wa dirisha, karibu na mkono wake wa kulia. Nikamshika kiganja nikamwonyesha ilipo. Kisha nikarudi kuketi kwenye benchi, kwa sababu alikuwa hajasema darasa limekwisha.