Shamba la Juu Lililouzwa kwa Manjanja

Kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko ningependa, mwanangu. Ni siku baba yangu alipompandisha mnunuzi hadi shamba letu la juu, na nyanya yangu, tuliyemwita Koko, akaketi katikati ya viazi akakataa kuondoka.

Nyumba yetu ilikuwa Kibati, kando ya barabara, na tulikuwa na mashamba mawili. La chini, upande wa Goma, lilikuwa na joto: ndizi zilinenepa na mahindi yalikomaa upesi. La juu lilikuwa mlimani, unapanda mpaka kifua kinabana na masikio yanauma kwa baridi. Ukungu wa kule hauna haraka ya kuondoka, na mgomba ukiupanda unadumaa tu. Sisi tukiwa tunachoma mahindi ya chini, ya juu ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Watoto wote tulilichukia. Nani apende kupanda mlima kwenda kutetemeka?

Baba naye alitaka manjanja, yale mabati ya kuezekea. Majirani walikuwa nayo, na paa letu la majani lilimtia aibu.

"Mama, huku ni baridi tu," alimwambia Koko. "Kila kitu inakawiya. Tuuzishe, tupate manjanja."

Koko akamtazama. "Mutoto wangu, yenye inaiva mbio inaliwa na benye bunduki. Yenye inakawiya, ile ndiyo ya batoto."

Baba alimshika mkono akamwinua kutoka katikati ya viazi, mbele ya mnunuzi. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wahenga. Na baba, maskini, alikuwa hodari wa kuwaambia wengine methali hiyo. Shamba likauzwa, paa likang'aa.

Vita vyetu, mwanangu, vina akili ya mkulima: huja mahindi yakikomaa. Vilipokuja tulikimbilia Goma, tukalala katika uwanja wa kanisa kule Keshero pamoja na umati wa watu. Tuliporudi, shamba la chini lilikuwa mabua matupu. Manjanja yaling'olewa, hata misumari. Kule juu hawakugusa kitu. Viazi vilikuwa bado vina maua, na mwenye bunduki hana kazi na maua.

Mwenye shamba mpya hakuwa mtu mbaya. Alikubali tumlimie kwa kikapu cha viazi, siku vitakapokomaa. Vingekuwa vyetu, tungevifukua hata vikiwa vidogo kama vidole. Vya mtu unangoja mwenyewe aseme. Mdogo wangu Furaha hakuweza kungoja. Bwaki ilimshika, ule ugonjwa wa njaa, miguu ikavimba na nywele zikawa nyekundu. Tulimzika viazi vikiwa ardhini.

Baba alilia, akavilaani vita. Koko hakumbembeleza.

"Lia, mutoto wangu," alimwambia. "Lakini usiseme ni vita tu."

Baba amekwisha kufa, na nimemwombea misa nyingi. Kumsamehe kabisa bado sijaweza. Nasema wazi, kwa kuwa ninyi vijana mnadhani uzee huponya kila kitu.

Basi nisikilize. Ninyi wa Birere, mliozoea mji wa Goma, mnautazama mlima mnasema ni baridi na mawe. Kila kimo cha mlima kina hewa yake, mimea yake na majira yake, na anayelima mahali pamoja huvuna mara moja. Akija mwizi siku hiyo, mwaka umekwisha. Ukirithi shamba unaloliona baya, muulize aliyekutangulia lilimlisha wakati gani. Usiliuze kwa sababu magoti yanakuuma, au kwa sababu jirani ana paa linalong'aa. Kawia ufike. Na mama yako akiketi chini akakataa kuondoka, keti naye kwanza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akujalie watoto watakaokuzika wewe, usije ukawazika wao.