Lodi Niliyemwiga

Iko siku moja ambayo huikumbuka kila ninapokusikia ukizungumzia uongozi, Baraka mwanangu, na tangu Jumapili umenifanya niikumbuke mara nyingi mno. Ulikaa hapa sebuleni kwangu Berea, mtaa huu wa mlimani, ukanywa chai yangu, ukaniambia utagombea uenyekiti wa chama chetu cha watu wa Kiswahili hapa Durban. Ukasema huna haja ya kuzunguka kuwaona wanachama kwa sababu jina langu mimi, mjomba wako, linatosha, na mikutano utaiendesha kwa simu. Nilinyamaza kwa kuwa mama yako alikuwepo. Leo sinyamazi.

Nilikuja Durban kutoka Voi nikiwa na miaka ishirini na sita, kusoma shahada ya uzamili ya historia. Profesa wangu alinipa kazi ya kuchunguza maisha ya kisiasa ya lodi mmoja wa Uingereza, yaani kabaila, mtu wa ukoo wenye cheo na ardhi ya kurithi. Huyu wangu alizaliwa katika nyumba kubwa kiasi kwamba watumishi wapya walipotea ndani yake. Baba yake alipokufa, alirithi nyumba, mashamba, na kiti katika lile baraza la juu la bunge ambalo enzi hizo mtu aliingia kwa kuzaliwa tu. Hakupigiwa kura hata moja maisha yake yote. Lakini alikuwa naibu waziri akiwa kijana bado, akapelekwa ng'ambo kuwa gavana, akarudi kuwa Waziri wa Makoloni, na ilibaki kidogo tu awe Waziri Mkuu.

Unadhani nilimchukia? Mimi, mtoto wa kibarua wa shamba la katani? Nilimpenda, mwanangu, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Hakuwa mwizi. Hakuwa mkali. Alijibu kila barua kwa mkono wake mwenyewe, na Kiingereza chake kilikuwa kitamu mno. Nilisoma nakala za shajara zake maktabani wiki baada ya wiki. Ghasia zilipozuka katika koloni moja lililokuwa chini yake, watu wakapigwa risasi, yeye alimwandikia gavana barua ya aya tatu, kisha akatoka kwenda kukagua maua yake ya waridi. Mimi niliposoma hapo nikasema moyoni, huyu ndiye kiongozi, mtu asiyebabaika. Ujinga mtupu, lakini ndivyo nilivyosema.

Mwaka huohuo watu wetu wakanichagua mwenyekiti wa chama hikihiki. Walinichagua kwa sababu nilijua Kiingereza cha maofisini, basi. Mimi nikadhani wameona kitu kingine. Nikaanza kuvaa koti la sufu mwezi wa Februari, katika joto hili unalolijua, natokwa jasho kama mtu anayebeba saruji. Nikaanza kuongea polepole. Mtu akija na shida, namwambia aiandike.

Wakati ule akina mama wengi wa Kirundi na Kikongo walikuwa wanasuka nywele kando ya barabara, katikati ya mji. Mmoja wao alikuwa Mama Esperansi, Mrundi, mjane mwenye watoto watatu, ambaye alikuwa na viti vinne na mwavuli mkubwa karibu na robot, yaani taa za barabarani. Wachuuzi wenyeji walilalamika kwamba wageni wamejaza nafasi zote. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja Mzulu, muuza matunda, MaKhumalo. Akaitisha mkutano Jumatano mchana katika ukumbi wa kanisa, wenyeji na wageni wote waje wazungumze.

Mama Esperansi alinipigia simu mara tatu. Alinisihi niende, kwa kuwa wao Kizulu chao kilikuwa cha kuungaunga na Kiingereza hawakuwa nacho. Nikamjibu kwamba nitawasilisha msimamo wetu kwa maandishi. Msimamo wetu! Nikakaa nikaandika aya tatu, ndiyo, tatu, nikampa azipeleke. Jumatano hiyo mimi nilikuwa maktabani. Kutoka pale hadi ukumbini ni dakika kumi kwa taxi, na taxi zilikuwa zinapita mlangoni.

Barua ilisomwa mbele ya watu wote. Niliwakumbusha wenyeji wajibu wao wa kisheria, kwa Kiingereza ambacho nusu ya ukumbi haikukielewa, na nusu nyingine ilikielewa vizuri mno. Walichosikia ni kwamba mgeni mmoja anawakaripia, na hata kuja hakutaka. Waliokuwa tayari kupatana wakaghairi. Ikaamuliwa wasusi wa kigeni waondoke barabarani kabla ya Ijumaa.

Jioni hiyohiyo Mama Esperansi alipanda Berea kuja kuniambia. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni, ameshika ile karatasi imekunjwa vizuri, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mwalimu," akasema, "barua yako iko muzuri. Lakini kule hatukuomba barua. Tuliomba mutu."

Akaiweka juu ya meza yangu, akashuka. Sijawahi kutukanwa vibaya kuliko hivyo, na hapakuwa na tusi hata moja ndani yake.

Nilichelewa siku mbili nzima, kwa aibu na kwa kiburi, sijui kipi kilizidi. Jumamosi nikamwendea MaKhumalo kwenye meza yake ya matunda. Nilipojitambulisha, akanionyesha kreti nikae, akaendelea kuhudumia wateja. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi saa nane, na lile koti langu. Hatimaye akaniuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, kama ni mimi yule wa barua. Nikakiri, nikamwomba radhi.

"Uliniandikia habari za sheria," akasema. "Mimi nilifukuzwa na sheria kwenye barabara hii hii, enzi za makaburu, na matunda yangu yakamwagwa. Waliotufukuza nao walikuwa na barua nzuri. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Nilirudi kwake Jumatatu, na Jumanne, na wiki nzima iliyofuata, nikisikiliza zaidi ya kusema. Akaitisha mkutano mwingine, na safari hii nilikwenda, nikatafsiri mpaka sauti ikakauka. Wasusi wengi walirudishiwa nafasi zao. Mama Esperansi hakurudi. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, naye alikuwa amewahamishia watoto Pietermaritzburg, kwa ndugu wa kanisani. Nilimpigia simu kumwomba msamaha. Akasema, "Sawa, mwalimu." Hakunipigia tena maishani.

Nikarudi kwenye shajara za lodi wangu, nikatafuta jina la mtu mmoja tu kati ya wale waliopigwa risasi, au hata la mtu yeyote aliyezaliwa katika koloni lile. Sikupata. Mbwa wake wote aliwaandika kwa majina.

Sasa nisikilize, maana umenichosha. Lodi yule angeweza kukosea miaka arobaini na kiti kingebaki chake, kwa kuwa alizaliwa nacho. Alikufa mzee, akazikwa kwa heshima. Wewe huna kiti cha namna hiyo, na hata ungekuwa nacho, ningekukataza kukikalia hivyo. Jina langu usilitumie. Wanaolikumbuka vizuri wanakumbuka pia lile kosa. Shuka mjini. Ingia kwenye saluni na vibanda vya simu, kimoja baada ya kingine, uliza watu wanaitwa nani na wanaogopa nini. Nenda kwa wazee Wazanzibari, ambao babu zao walifika hapa kabla yetu sote. Watu wakikuita, nenda mwenyewe, hata kama huna la kusema. Simu itumie kuwaambia uko njiani.

Basi, nimemaliza ukali wangu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo, akuzungushie watu wasioogopa kukuambia umekosea, na akurudishe salama kila unapotoka. Ukishinda nitafurahi. Ukishindwa baada ya kuonana nao wote, nitafurahi vilevile, na nitakuandalia chai.