Karafuu Kwenye Bia Nyeusi

Bia ilikuwa na karafuu, na hakuna aliyeweka karafuu.

Nasimulia kama ilivyonitokea.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliacha kazi ya kuchomelea vyuma akaanza kutengeneza bia kwenye gereji yake. Mapipa matatu, jiko la gesi na mpira wa maji. Bia yake ni moja tu, nyeusi tii, povu la rangi ya chai ya maziwa.

Mwonjaji nilikuwa mimi. Sikusomea. Ninakaa tu na glasi muda mrefu kabla ya kusema neno, na watu huona hiyo ni elimu.

Mama mwenye baa ya pale kona aliahidi kuja kuionja. Akiikubali, shemeji anaendelea. Akiikataa, anarudi kuchomelea mageti.

Nikaitazama kwenye mwanga. Nikanusa. Nikapiga funda dogo, nikalizungusha mdomoni.

"Chokoleti ipo," nikasema. "Mkate ulioungua kidogo, upo. Uchungu unakuja mwishoni, haukai sana. Na karafuu."

"Karafuu gani?"

"Karafuu, shemeji."

"Sijaweka karafuu."

"Sijasema umeweka. Nimesema ipo."

Akamwaga pipa zima mtaroni.

Akabadilisha hamira. Pipa la pili, karafuu. Akamwaga.

Akanunua mpira mpya, akasugua mapipa mpaka vidole vikachubuka. Akazunguka mtaa mzima akiuliza nani anapika na karafuu, maana inaingia kwenye bia yake.

Siku ya mama kuja, pipa la mwisho likawa tayari. Nikanusa.

Shemeji hakuuliza. Alinitazama usoni tu, akaliinamia pipa alimwage.

"Kaka, ngoja," mke wangu akasema. Alikuwa amepitia kuchukua funguo za nyumba.

Akainusa glasi. Akainusa tena. Kisha akaninusa mimi.

"Bia haina kitu. Ni sharubu za huyu. Yale mafuta niliyomnunulia."

Shemeji akautazama mtaro.

"Mapipa mawili," akasema.

"Lakini zimempendeza," mke wangu akasema.

Hapo hapo mama mwenye baa akaingia. Akapewa glasi, akaonja, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Nzuri. Ila karafuu iko wapi?"

"Karafuu?" shemeji akauliza.

"Si wewe uliyetangaza mtaa mzima? Wateja wangu wanaiulizia hiyo hiyo."

Shemeji akazitupia jicho sharubu zangu.

"Ipo, mama. Huwa inachelewa." Akanigeukia. "Shemeji, msogelee mama, umweleze bia."

Nikasogea. Nikainama karibu kabisa na glasi yake, nikaanza na chokoleti, polepole, kama kawaida yangu.

Mama akanusa. Akafumba macho.

"Eh. Hii hapa."

Akachukua pipa lote, akaagiza jingine.

Hilo jingine shemeji aliweka karafuu kweli. Nikaenda kuonja, sharubu nimenyoa.

"Karafuu ipo," nikamwambia.

Akanisogelea, akaninusa juu ya mdomo. Ndipo akaniamini.

Ndugu msomaji, ukiona kila kazi ya mwenzako ina harufu ileile, anzia chini ya pua yako. Sharubu zitaota tena. Bia ikishafika mtaroni, basi.