Viatu Kitandani

Naikumbuka alasiri moja hapa Mususa, mtaani kwetu Butembo, mwanangu, iliyonishtua kuliko masasi yote ya vita. Na masasi yalikuwa mengi.

Wakati ule watu wa Butembo tulilala tumevaa. Hujui ni askari wa nani watagonga mlango, basi unaingia kitandani na suruali, mkanda na viatu. Mimi ambaye hata kufika mtaa jirani wa Vulamba naona ni safari, kila jioni nilijiandaa kukimbia. Mke wangu Kahindo alijifunga vitenge vitatu, akamlaza binti yetu Kavira katikati, na mfuko wake mwenyewe wa nguo akauweka mlangoni.

Vita vikatulia kidogo, majirani wakavua. Sisi hapana. Miezi ikapita simgusi, hanigusi. Nikajisemea, huyu amenichoka. Kumuuliza? Nimesoma sekondari, uzazi wa chura naujua wote, lakini mbele ya mke wangu ulimi ulikufa.

Kwetu mambo ya kitanda hupelekwa kwa shangazi wa mke. Nikaenda kwa Tantine Masika, shangazi yake Kahindo, nikamlilia shida zangu. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Mukwe wangu, ule mufuko wa nguo kwa mulango, unawaza ni ya vita?"

"Ni ya nini basi?"

"Ni ya kurudia kwao Lubero. Kahindo alikuja hapa juma iliyopita. Anasema bwana yake analala na viatu sababu anataka kumukimbia."

Mimi, kukimbia? Mimi ninayeogopa hata barabara!

"Kila mumoja anakuja kuvua mbele yangu, miye muzee," akasema. "Lakini mbele ya mwenzake anabakia na manguo. Rudia nyumbani. Miye hapana posta yenu."

Nilimkuta Kahindo anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nikakaa chini, karibu na ule mfuko.

"Kahindo, ni kweli unaenda?"

"Leo ndiyo unaona?" Mchi haukusimama. "Hata kabla ya vita, Baba Kavira, ulikuwa unafanya kama mutu banamukimbiza. Unamaliza, unalala. Hata siku moja haukuniuliza miye nasikia namna gani."

Mwanangu, nilijiona bingwa! Medali nilijivalisha mwenyewe. Nilitaka kujitetea, nikatazama ule mfuko, nikameza maneno.

"Unapenda namna gani?" nikamuuliza.

Mchi ukasimama.

"Toa viatu kwanza. Kisha uniongeleshe. Unishike polepole. Na nikisema leo nimechoka, usinune."

Nikavua palepale, jua likiwaka. Vidole vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Lakini mfuko haukuondoka siku ile. Ulikaa mlangoni majuma mawili mengine, na mimi nikajifunza kuuliza, nikitoka jasho. Halafu asubuhi moja nikaona nguo zake zote zimeanikwa kwenye kamba, mfuko nao umefuliwa.

Unaoa mwezi huu, mwanangu. Usisubiri shangazi akuambie mke wako anawaza nini. Muulize mwenyewe, mapema, kwa maneno ya kawaida, nawe umwambie yako. Ukisikia linalokuchoma, kaa, sikiliza. Akisema hapana, iwe hapana, na asubuhi umwamkie vizuri.

Mungu awape kitanda chenye maongezi na cheko, na nchi ambayo mtu analala bila viatu.